Sherehe ya Fahari katika Afrika ya Mashariki: Entebbe hadi Kakuma, 2012–2018

Utangulizi

Barabara kuu itokayo Kisumu hupita katikati ya mji wa Kakamega, kisha huendelea kaskazini kwa njia ya Webuye, Kitale na Lodwar mpaka Kakuma, ilipo kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992. Upande wa magharibi mpaka wa Uganda, katika mji wa Busia, hauko mbali. Kwa hiyo Kakamega imekaa baina ya nchi mbili za historia moja. Upande mmoja ni Uganda, ambako mwezi Agosti 2012, katika mji wa Entebbe, watu wa mapenzi ya jinsia moja, pamoja na wale ambao jinsia yao hailingani na ile waliyoandikiwa walipozaliwa, walikusanyika hadharani kwa mara ya kwanza na kuifanya siku hiyo kuwa sherehe yao ya kila mwaka. Upande wa pili ni Kakuma, ambako mwezi Juni 2018 baadhi ya watu waliolazimika kuikimbia Uganda walifanya sherehe kama hiyo kambini.

Kakamega yenyewe inajulikana kwa mikusanyiko ya aina nyingine. Waisukha na Waidakho hupiganisha mafahali mbele ya umati mkubwa, na ngoma yao ya isukuti, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, hupigwa mtoto anapozaliwa, watu wanapooana na mtu anapozikwa. Mikusanyiko hiyo yote ina jambo moja linaloifanya ieleweke na kila mtu: ina mwenyewe. Fahali ana mwenyewe, harusi ina mwenyewe, na hata matanga yana mwenyewe. Waswahili wa pwani huuita mkusanyiko wa namna hiyo shughuli, na yule aliyeuandaa humwita mwenye shughuli. Yeye ndiye anayealika, ndiye anayepokea wageni, na aibu au heshima ya siku hiyo ni yake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia ya sherehe ya fahari katika Afrika ya Mashariki haieleweki vizuri kama ni historia ya tabia ngeni iliyoingia, wala kama ni historia ya sheria za ndoa na faragha peke yake. Ni historia ya swali moja: nani aruhusiwe kuwa mwenye shughuli? Jamii za eneo hili ziliwahi kumvumilia mtu wa namna hii akiwa mwalikwa, hata mtumishi, katika sherehe ya wengine. Zilichokataa, na ambacho dola zimekikataa kwa nguvu zaidi, ni yeye kuita watu kwa jina lake mwenyewe.

Neno fahari na jamaa zake

Yafaa kuanza na jina. Sherehe hii imeenea duniani kwa jina la Kiingereza ambalo Kiswahili hulipa tafsiri ya fahari. Tafsiri hiyo ni sahihi, lakini si nyepesi. Katika Kiswahili fahari ni utukufu, ni uzuri wa kifalme, ni jambo la kujivunia mbele za watu. Hata hivyo mtu akisemwa kuwa anajifanyia fahari, sifa hiyo yaweza kuwa lawama: anajionyesha, anapita kiasi. Karibu na neno hilo yamekaa majivuno na kiburi, ambayo hayana uzuri wowote. Neno linalopingana nalo katika sherehe hii ni aibu. Waandaaji walichagua fahari kwa sababu aibu ndiyo iliyokuwa imetumika kuwanyamazisha. Lakini kwa sikio la Mswahili, kinyume cha aibu si lazima kiwe fahari. Chaweza kuwa heshima, na heshima aghalabu hudai staha na kunyamaza. Hapo ndipo mgogoro wa lugha unapoanza. Msemaji asema kwamba anakataa kuona aibu. Msikilizaji husikia kwamba mtu huyo hana haya.

Majina ya watu wenyewe nayo yana historia yake. Shoga, katika mazungumzo ya wanawake wa pwani, ni mwanamke rafiki, neno la mapenzi na ukaribu. Katika matumizi ya magazeti limekuwa jina la mwanamume mwenye mapenzi ya jinsia moja, na mara nyingi hutamkwa kwa dharau. Hanithi ni neno la asili ya Kiarabu, na katika kamusi hubeba pia maana ya mwanamume asiye na nguvu za kiume. Msenge ni tusi. Nchini Uganda watu hao wamejichagulia neno kuchu, ambalo lilipata kusikika mbali zaidi baada ya kutolewa mwaka 2012 kwa filamu ya Call Me Kuchu, iliyosimulia maisha ya mwanaharakati David Kato. Tofauti ya majina haya si ndogo. Yale matatu ya kwanza yalitolewa na wengine. Hili la mwisho lilichukuliwa na wenyewe. Na sherehe, kama ilivyokwisha kusemwa, huanza pale mtu anapoita kwa jina lake.

Jambo hili laonekana wazi zaidi likilinganishwa na desturi ya Mombasa. Gill Shepherd, katika makala yake ya mwaka 1987 juu ya cheo na jinsia mjini humo, alieleza kwamba wanaume walioitwa mashoga walikuwa na nafasi inayofahamika katika harusi za wanawake. Walikuwa wakijulikana, wakiitwa, na wakitumikia. Hakuna aliyeshangaa kuwaona. Lakini harusi haikuwa yao. Mwaka 2010, mwezi Februari, uvumi ulienea Mtwapa, kaskazini ya Mombasa, kwamba wanaume wawili wataoana. Umati ulijitokeza, watu walipigwa, na kituo cha afya kilichokuwa kikihudumia wagonjwa wa aina zote kilizingirwa. Kilichouwasha moto huo si habari kwamba watu wa namna hiyo wapo Mtwapa, kwani hilo lilijulikana kwa muda mrefu. Ni neno harusi, yaani fununu kwamba safari hii wao ndio wenye shughuli.

Chimbuko la sherehe

Sherehe ya fahari kwa sura yake ya sasa ilizaliwa Marekani. Tarehe 28 Juni 1969 polisi wa New York walivamia baa ya Stonewall, na waliokuwamo wakakataa kutawanyika. Fujo ziliendelea kwa siku kadhaa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 28 Juni 1970, yalifanyika maandamano ya kuikumbuka siku hiyo. Hivyo tangu mwanzo sherehe ilikuwa kumbukumbu ya mkusanyiko uliovunjwa. Bendera ya rangi za upinde wa mvua, ambayo leo ndiyo alama yake kuu, ilibuniwa na Gilbert Baker mjini San Francisco mwaka 1978.

Katika bara la Afrika maandamano ya kwanza ya aina hii yalifanyika Johannesburg tarehe 13 Oktoba 1990, yapata miezi minane baada ya Nelson Mandela kutoka gerezani. Miongoni mwa walioyaongoza walikuwa Simon Nkoli na Beverley Ditsie. Nkoli alikuwa amekwisha kukaa kizuizini na kushtakiwa katika kesi ya Delmas kwa ajili ya kupinga ubaguzi wa rangi, na hakukubali kwamba mapambano hayo mawili yatenganishwe. Waandamanaji walikuwa takriban 800. Baadhi yao walijifunika vichwa kwa mifuko ya karatasi, kwa maana kutambuliwa kungewagharimu kazi au jamaa zao. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 ilikuja kukataza ubaguzi kwa msingi wa mwelekeo wa mapenzi, na tangu 2006 watu wa jinsia moja waweza kuoana nchini humo. Kwa ufupi, huko kusini sherehe ilitangulia na sheria ikafuata. Katika Afrika ya Mashariki mambo yalikwenda kinyume: sheria ya kukataza ilikuwa imekwisha kusimama kabla sherehe haijafikiriwa.

Sheria hiyo ililetwa na wakoloni. Kifungu cha 377 cha Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860 kiliharamisha tendo lililoitwa kinyume cha maumbile, na wazo hilo likaenea katika makoloni mengi ya Uingereza. Kenya na Uganda zilipata kanuni zake za adhabu wakati wa utawala wa Waingereza, na vifungu hivyo vikabaki baada ya uhuru. Kwa hiyo mzungumzaji anayedai kwamba sherehe ya fahari ni ya kigeni asema kweli. Lakini kanuni inayoikataza nayo ilitoka ng'ambo, tena ilitangulia kufika.

Entebbe, 2012 hadi 2015

Miaka mitatu iliyotangulia sherehe ya Entebbe ilikuwa ya hofu. Mwezi Oktoba 2009 mbunge David Bahati alipeleka bungeni mswada uliopendekeza adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa ya mapenzi ya jinsia moja. Mwezi Oktoba 2010 gazeti dogo la Kampala lililoitwa Rolling Stone lilichapisha picha na majina ya watu, likahimiza wanyongwe. David Kato na wenzake walilishtaki gazeti hilo na wakashinda. Tarehe 26 Januari 2011, wiki chache baada ya hukumu hiyo, Kato aliuawa nyumbani kwake katika wilaya ya Mukono.

Mwezi Februari 2012 waziri wa maadili, Simon Lokodo, alifika mwenyewe katika hoteli moja ya Entebbe na kuvunja warsha ya wanaharakati. Washiriki walikwenda mahakamani wakidai haki yao ya kukusanyika, na mwezi Juni 2014 Mahakama Kuu ilikataa madai yao. Basi mahali pa kukutania palikuwa pamekwisha kuwa kesi kabla sherehe haijafanyika.

Na bado ilifanyika, tena katika mji uleule. Tarehe 4 Agosti 2012 watu walikusanyika katika Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa na wakoloni mwaka 1898 kando ya ziwa la Nyanza. Mwandalizi mkuu alikuwa Kasha Jacqueline Nabagesera, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amepewa tuzo ya Martin Ennals. Walitembea, wakacheza na kupeperusha bendera. Polisi walifika, wakawashika watu wachache na kuwaachia baadaye.

Yafaa kuangalia jinsi mahali palivyochaguliwa. Maandamano ya Johannesburg yalipita barabarani, mbele ya macho ya wapita njia. Ya Entebbe yalifanyika bustanini, mahali panapojulikana na wote lakini palipo na miti na ufuo, kilomita nyingi kutoka katikati ya Kampala. Palikuwa pa hadhara na pa faragha kwa wakati mmoja. Kwa lugha ya Kiswahili, ilikuwa sherehe iliyochukua umbo la maandamano pasipo kujiita maandamano; na tofauti hiyo ilikuwa na uzito. Mwezi Agosti 2013 bunge la Uganda lilipitisha sheria ya usimamizi wa mikusanyiko ya umma, iliyompa polisi madaraka makubwa juu ya mikutano. Arusi haiombi ruhusa, maandamano huomba. Kila mara waandaaji walilazimika kuamua shughuli yao waiite nini.

Mswada wa Bahati, adhabu ya kifo ikiwa imeondolewa, ulitiwa sahihi na Rais Yoweri Museveni tarehe 24 Februari 2014. Kesho yake gazeti moja la Kampala likachapisha orodha ya majina. Ndipo watu walipoanza kuvuka mpaka kuingia Kenya. Tarehe 1 Agosti 2014 Mahakama ya Katiba ilibatilisha sheria hiyo kwa sababu bunge lilikuwa limeipitisha bila akidi. Siku nane baadaye, tarehe 9 Agosti, sherehe ilifanyika tena Entebbe. Baadhi ya waliohudhuria walivaa vinyago, kama wale wa Johannesburg miaka ishirini na minne kabla yao. Mwaka 2015 ilifanyika tena. Kwa muda mfupi ilionekana kwamba kalenda ya Entebbe imepata siku mpya.

Kufungwa kwa milango

Usiku wa tarehe 4 Agosti 2016, katika wiki ya sherehe, polisi walivamia klabu moja ya Kabalagala, Kampala, ambako mashindano ya urembo ya sherehe hiyo yalikuwa yakiendelea. Milango ilifungwa, watu walipigwa na kudhalilishwa, na zaidi ya kumi na tano wakakamatwa kabla ya kuachiliwa. Mtu mmoja aliruka kutoka ghorofani akaumia vibaya. Maandamano yaliyokuwa yamepangwa yaliahirishwa. Yalipojaribiwa tena mwezi Septemba, polisi waliwazuia washiriki na kuwarudisha walikotoka. Mwezi Agosti 2017 sherehe ilifutwa kabisa baada ya waziri Lokodo kutoa vitisho. Hivyo sherehe iliondoka bustanini ikaingia ukumbini, na ukumbini nako ikakosa nafasi.

Yaliyofuata yalithibitisha kwamba lililolengwa ni mkusanyiko wenyewe. Mwezi Agosti 2022 shughuli za Sexual Minorities Uganda, chama kilichoundwa mwaka 2004, zilisimamishwa na ofisi ya serikali inayosimamia mashirika. Sheria mpya ya mwaka 2023, ambayo Mahakama ya Katiba iliiacha isimame kwa sehemu yake kubwa tarehe 3 Aprili 2024, ilirudisha adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Pamoja na hayo iliweka kifungo cha hadi miaka ishirini kwa yule atakayehukumiwa kwamba ameyaeneza mapenzi ya jinsia moja. Chini ya kosa la kueneza, mwenye shughuli huwa mkosaji hata kama hakuna tendo jingine lolote alilolifanya.

Kakuma, 2018

Wakimbizi waliovuka mpaka tangu mwaka 2014 walipelekwa wengi wao Kakuma, katika nchi kavu ya Turkana. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mithali hiyo ina pande mbili: humtaka mgeni afanye kazi, na humpa nafasi kama mtu wa nyumbani. Kambi ya wakimbizi huikwamisha mithali hiyo, kwani mkimbizi hukaa miaka mingi bila jembe na bila nyumba, akibaki mgeni daima.

Mwezi Juni 2018 wakimbizi hao walifanya sherehe yao ya fahari kambini. Walitembea mchana, wakiwa na mabango na rangi za upinde wa mvua, mbele ya wakimbizi wenzao kutoka nchi nyingi. Tendo hilo lilikuwa na ujasiri mkubwa kuliko lile la Entebbe. Entebbe waliohudhuria waliweza kurudi makwao, wakafunga milango. Kakuma hapakuwa na mahali pa kurudi. Aliyeonekana mchana alikuwa jirani yuleyule usiku. Vitisho vilifuata baada ya siku chache, na mashambulio yakaongezeka. Mwezi Desemba mwaka huohuo, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi liliwahamisha baadhi yao kwenda Nairobi kwa usalama wao. Mwezi Machi 2021 moto uliwashwa walipokuwa wamelala baadhi ya waliobaki kambini, na mmoja wao alikufa kwa majeraha.

Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Mtu anayefanya sherehe kwa kawaida hahesabu wafu. Wale wa Kakuma walijua gharama kabla ya kuanza, wakachagua kwa siku moja kuwa wenyeji katika mahali ambapo hawakuwa hata wageni wa kupendwa.

Sheria ya Kenya na haki ya kukusanyika

Kenya yenyewe imejibu swali hili kwa sauti mbili. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu vinaharamisha matendo, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvibatilisha. Siku tatu kabla yake alikuwa amefariki mwandishi Binyavanga Wainaina, ambaye mwezi Januari 2014 alikuwa ametangaza hadharani mapenzi yake. Upande wa pili, tarehe 24 Februari 2023, Mahakama ya Juu iliamua, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba kukataa kukisajili chama kwa sababu ya mwelekeo wa mapenzi wa wanachama wake kulikuwa ni ubaguzi. Hukumu hizo mbili zikisomwa pamoja, maana yake ni kwamba tendo ni kosa, lakini kukutana na kujipa jina ni haki.

Tofauti hiyo ndiyo iliyozusha hasira. Mwaka huohuo wa 2023 mbunge wa Homa Bay Town, Peter Kaluma, alitoa mswada wa kulinda familia, uliopendekeza, pamoja na mambo mengine, kupiga marufuku mikusanyiko na maandamano ya watu hawa. Wapinzani wa sherehe walikuwa wameelewa vizuri zaidi kuliko watetezi wake wengi kwamba kitovu cha ugomvi ni Ibara ya 36 na ya 37 za Katiba ya mwaka 2010, zinazohusu kujiunga na kukusanyika.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa ni fupi, nayo haijapata miaka mingi ya mfululizo. Entebbe ilisherehekea kwa miaka minne kabla ya milango kufungwa. Kakuma ililipa damu kwa ajili ya mchana mmoja. Hata hivyo yatosha kuonyesha jambo moja kwa wanaojishughulisha na lugha. Majina ambayo jamii huyapa makusanyiko, yaani harusi, ngoma, mkutano, maandamano, sherehe, si vyombo vitupu. Kila moja huamua nani aalike na nani aalikwe, nani aombe ruhusa na nani asiombe. Watu ambao kwa vizazi vingi walipokewa katika shughuli za wengine walipojaribu kuandaa ya kwao, lugha haikuwa na jina tayari la kuwapa, na sheria ikawapa jina la kosa.

Siku ambayo ngoma ya isukuti hupigwa Kakamega, hakuna anayeuliza kama aliyeiita ana haki ya kuiita. Hujulikana tu kwamba ni yake. Waliotembea Entebbe na Kakuma hawakutafuta zaidi ya hilo.